Tiketi ya Watu Watano

Wifi yangu Assunta, dada wa marehemu mume wangu, ndiye aliyepanga safari ya Munich. Tulikuwa wanawake watano wa kikundi cha rozari, na kabla hatujapanda ndege kila mmoja alimkabidhi yuro mia mbili, hamsini kwa siku, kwa siku nne. Huo ndio mfuko wa pamoja, na kwetu mfuko wa pamoja haugawanywi njiani. Assunta aliuning'iniza shingoni, ndani ya nguo. Mimi nilitoa zote nilizokuwa nazo.

Nilikuwa na haja moja tu. Rocco wangu amezikwa Munich. Alianguka kwenye jengo walilokuwa wakijenga, miaka kumi na tisa sasa, na kumrudisha kwetu Calabria, Italia, kulionekana ghali. Tangu siku ya mazishi sikuwahi kufika tena. Assunta aliniahidi kwamba makaburini tutapita tu, ni njiani.

Siku ya kwanza akanunua tiketi moja ya treni ya watu watano, ya kutwa nzima. Bei yake kama ya watu wawili, akatuonyesha kwa fahari. Lakini ni karatasi moja, na wote watano lazima muwe pamoja. Gelsomina, mwenzetu mmoja, akibanwa na haja, sote tunashuka. Mwenye njaa anangoja saa iliyopangwa, tule mikate tuliyoitia nyama ya salami asubuhi hosteli. Kahawa tulikunywa wima, maana kukaa mezani kunaongeza bei. Gelsomina akasema hata wafungwa hukalishwa. Assunta akamjibu kwamba wafungwa hawalipi.

Jumanne mvua ilinyesha. Jumatano tulichelewa kanisani. Alhamisi Assunta akasema siku imejaa. Ikawa Ijumaa, siku ya mwisho, saa kumi jioni, tumo ndani ya treni, nami nikaliona kwenye ramani jina la kituo nililolikariri tangu nyumbani. Nikasema tushuke.

"Lango linafungwa saa kumi na moja, wifi," Assunta akasema. "Na chakula cha jioni nimeshakilipia. Tutakuja mwakani."

"Basi nipe yuro nne katika zangu, nitarudi peke yangu."

"Zako zipi? Humu hamna za mtu. Nikikupa wewe, na hawa je?"

Nikawatazama hawa. Kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake.

Treni ikasimama. Nilijua mkaguzi akinikuta bila tiketi faini ni yuro sitini, nami sikuwa na hata senti. Sijawahi kumwibia mtu nauli maishani mwangu. Milango ikaanza kulia. Nikafanya ishara ya msalaba, nikashuka. Assunta akagonga kioo, akinipungia ile karatasi, wakaenda nayo.

Mlinzi wa makaburi alinionyesha kwa vidole: dakika kumi na tano. Kaburi nililikuta karibu na ukuta, majani yamelitambalia mpaka kwenye jina. Niliyang'oa kwa mikono mpaka Rocco akatokea mzima. Nikasali fungu moja tu la rozari, nikamwambia mizeituni imezaa vizuri mwaka huu. Kengele ikalia.

Wanne wote walikuwa wamesimama nje ya lango. Walishuka kituo cha mbele, wakarudi.

"Umetupotezea nusu saa," Assunta akasema.

"Kaka yako anakusalimu."

Akageuka kuondoka. Gelsomina akanishika mkono uliojaa udongo. Tulipokwisha kupiga hatua chache, Assunta akaniuliza, uso kaupeleka pembeni, kama ile picha ya kaka yake bado ipo kwenye jiwe la kaburi.

"Ipo. Nenda ukaione, mlinzi hajafunga."

Akalitazama lango. Akatutazama sisi wanne, akatazama saa yake.

"Twendeni," akasema. "Chakula kitapoa."