Kidole Gumba Ndani ya Beseni

...na waseme wanavyotaka, midomo ni yao, mlima ni wake, nani mwingine alishika jembe na panga msimu mzima wa mvua akaichonga ile njia kutoka kwenye majabali ya juu mpaka mtoni, peke yake, viganja vimetoka malengelenge, huku hao hao wanaojiita waongoza wageni wamejibanza barazani wanakunywa chai na kumcheka, kumbe leo ndiyo njia wageni wanayoiulizia kabla hata hawajatua mabegi... hebu aigeuze tyubu ya baiskeli tena, aizamishe kwenye beseni, taratibu, hakuna povu, litatokea tu, "Bado?" anauliza shangazi yake kwenye dirisha la jikoni, mpishi wa kambi huyo na ndiye aliyemlea, "tyubu gani inaogeshwa kama mtoto mchanga?", naye hainui hata kichwa, "Shangazi, hii ni operesheni, usimsemeshe daktari," na kicheko kinapita uani, kicheko chake hicho, amekitengeneza mwenyewe, shule aliiacha mapema kwa sababu haikuwa na mteremko, lakini kuchekesha watu hakuna wa kumfundisha, wala kushuka mlima kwa baiskeli, kushuka ndiko hasa, anayetangulia asubuhi ndiye anayekata utando wa buibui uliotandwa njiani, anafika chini uso mzima nyuzi nyuzi, hapo hana haja ya kujisifu, ingawa yeye hujisifu vilevile, na sasa wiki nzima nyuzi zinaning'inia kwenye kofia ya nani, ya Mkia, Mkia! kijana aliyepewa jina hilo kwa kufuata nyuma tangu siku ya kwanza... "Mmenisikia?" hiyo ni sauti ya bosi, amesimama ngazini, funguo zinacheza kidoleni, "wageni wa baiskeli leo watashuka na Mkia, wewe mwenye bega lako linalouma utawachukua wale wazee wanaotembea, uwaonyeshe ndege," ndege! yeye ndege wote anawaita adimu sana wa milimani, hata kuku akikatiza, na njia ni yake, ile kona kali aliichimba kwa mikono hii, ndiyo wakaiita Kona ya Shangazi, kwa sababu shangazi aliteleza pale na mzigo wa kuni akautukana mlima mpaka mlima ukaona haya, na hapo hapo ndipo na yeye... paa, aliwaambia, paa alikatiza, mkubwa, mwenye pembe, na kila akisimulia pembe zinarefuka, kumbe alibana breki ya mbele katikati ya kona, kosa la mtu aliyenunua baiskeli juzi, akaruka juu ya usukani, akaiona mbingu, kisha mawe, kisha mbingu tena, sasa bega linauma, ndiyo, linauma sana... linauma lini? jana si amebeba gunia la viazi mpaka jikoni akipiga mluzi, shangazi akalitazama bega, akatikisa kichwa, alijua, basi na aseme yeye mwenyewe moyoni, neno limekaa mdomoni kama kokoto kwenye wali, anaogopa, haya, anaogopa! mbona paa la kambi halijaanguka, na hii tyubu tangu alipoishika tundu analijua liko wapi, liko hapa, chini ya kidole gumba chake, amelibana muda wote huu akigeuza upande usio na tundu, maana likionekana litazibwa, na likizibwa hana tena cha kujifichia, loo, mjanja wa kujidanganya mwenyewe, bingwa wa mabingwa, sasa nani alisema mwenye hofu hashuki, aje amwambie usoni, ataogopa huku anashuka, usukani utakuwa mikononi mwake, kona ileile, breki ya nyuma safari hii, na akianguka ataanguka kwenye udongo alioupondaponda yeye, si kwenye wa mtu, ila kumkabidhi Mkia njia yake eti kwa sababu ya paa asiyekuwepo, thubutu! ...na bosi bado anaongea, funguo bado zinacheza, beseni ni lile lile na maji yale yale, ananyanyua kidole gumba, povu linapanda, moja, halafu mkufu mzima, "Ahaa, limeonekana?" shangazi amekwisha toa kichwa dirishani, "Lilikuwepo tu, shangazi, lilikuwa linaona aibu," na kabla bosi hajamaliza anaropoka kwa sauti ya kusikika ua mzima, "Mkia, ndugu yangu, niletee kiraka na gundi, halafu wazee wachukue wewe, waambie ndege wa huku ni adimu sana, uso wangu una miadi na buibui."