Kiganja cha Mama Colombe

Asubuhi Mapendo aliondoa blanketi juu ya akwariumu, maana baridi ya Bukavu haimhurumii mtu wala samaki, akakuta samaki jike amezaa. Samaki wa aina ile hawatagi mayai. Wanazaa watoto walio hai, wembamba kama kope, macho makubwa kuliko mwili, na wanaogelea palepale. Mama yao alikuwa ameshageuka na kumeza wawili. Mapendo alimvua kwa kichujio cha chai, akamtia ndani ya sufuria ya maji kando.

Kisanduku chenyewe cha vioo kililetwa na mumewe Cirhuza, dereva wa lori la chai. Alipewa na bibi mmoja Mgiriki aliyekuwa akirudi kwao. Kilikaa sebuleni mahali pa kabati, na watu wa Kadutu walicheka sana: samaki asiyeliwa, wa nini?

Ulikuwa ule mwaka serikali ilipoamuru kila raia aache jina la Kizungu. Watu waliyaacha. Hakuna aliyeuliza majina yenyewe yalikwenda wapi, na kwa kweli nani ana muda wa kuuliza mambo kama hayo. Mapendo alijua yalikokwenda kwa bahati tu, asubuhi ileile, alipotaka makaa na kumwita jirani dirishani akiwa amejisahau.

"Rosalie! Niazime makala!"

Mtoto mmoja wa samaki akapanda juu ya maji. Mapendo akaita tena. Akapanda tena, yuleyule. Akajaribu Lucien, jina la ubatizo la mumewe, akapanda mwingine. Akajaribu lake mwenyewe, akapanda wa tatu. Basi, akarudi kupuliza moto, maana chai ilikuwa haijachemka.

Chai ilipokuwa mdomoni ndipo alipokumbuka. Akaweka kikombe chini.

"Colombe," alisema.

Kutoka katikati ya majani akatoka mmoja, mdogo kupita wote, mwenye mkia wa kupinda. Akaja mpaka kwenye kioo.

Colombe alikuwa mtoto wao wa kwanza, na wa pekee. Surua ilimchukua nchi ingali ikiitwa Congo. Mtu aliyekufa haendi ofisini kuchagua jina jipya, kwa hiyo Colombe alibaki na lile moja ambalo sasa lilikatazwa. Zamani mtaa mzima ulimwita mama yake Mama Colombe, hata baada ya mazishi. Tangu amri ilipotoka walisema maman tu, kama wanavyomwambia muuza nyanya yeyote. Iliuma. Hakumlalamikia mtu, lakini iliuma kila siku ya Mungu.

"Papa Cirhuza, kuja uone. Colombe iko humu."

Cirhuza aliinama na mswaki wake mdomoni. "Ile yenye mukia ya kupinda?"

"Njo yeye."

"Anakula nini?"

"Kiini ya yai. Kidogo kabisa."

"Basi nitaleta mayai," alisema Cirhuza, akaenda kunawa uso.

Mapendo alikuwa na shabaha moja tu tangu saa ile: Colombe akue, afikie ukubwa ambao hakuna kinywa kinachoweza kummeza. Alichemsha yai, akasugua kiini ndani ya kitambaa, akakamulia majini wingu jembamba. Maji ya bomba aliyalaza kwenye beseni mpaka harufu ya dawa iishe. Uchafu wa chini aliunyonya kwa mpira, polepole, asije akamnyonya na mtu.

Lakini Rosalie alikuwa ameona kupitia dirishani, na mdomo wa Rosalie hauna kifuniko. Mchana sebule ilijaa watu waliokuja kutazama majina yao. Mkono mtupu haulambwi, kila mtu anajua hivyo, kwa hiyo hakuna aliyekuja bure. Huyu alileta tonge la bugali, yule mkate, mwingine unga wa maharagwe. Mzee mmoja alimwaga tone la kasiksi, pombe ya ndizi, kwa heshima.

"Mutabaua!" Mapendo alipiga kelele. "Tumbo yabo iko kama kichwa ya sindano!"

"Aba! Maman," akasema Rosalie, huku akisaga mkate, "mutoto alale njaa na chakula iko?"

Maji yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Kesho yake wengi wa wale watoto walikuwa wakielea tumbo juu, yule wa Rosalie miongoni mwao. Rosalie alikuja, akasimama mlangoni, akakuna kichwa.

"Sijue nimekuja kufanya nini," alisema. Akapewa chumvi, akarudi kwake. Lucien naye alikufa, na Cirhuza alipotajiwa alifikiri kidogo, akauliza lilikuwa jina la nani.

Colombe alikuwa hai. Mapendo alifunga mlango kwa komeo, akabadilisha maji kikombe kwa kikombe, akapanga chupa za maji ya moto kuzunguka vioo. "Wenye kubaki habafi tena," aliwaambia samaki, mumewe na Mungu Nyamuzinda mbinguni, wote kwa pamoja. "Miye njo nimesema."

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, mlango uligongwa na Citoyen Kalume, yaani Raia Kalume, mkubwa wa mtaa, mwenye abakosti, lile koti la serikali lisilo na tai, iliyopigwa pasi. Huyo hafungiwi mlango. Alikuwa amesikia kwamba ndani ya nyumba ile kunafugwa majina yaliyokatazwa. Aliinama kwenye kioo, mikono mgongoni. Akatazama muda mrefu. Kisha kwa sauti ya chini, kama mtu anayesafisha koo, akasema, "Philémon." Samaki mmoja akapanda mpaka mbele ya pua yake.

Kalume akanyooka haraka. "Mama yabo iko wapi?"

"Mu sufuria, citoyen. Anakulaka batoto."

"Citoyenne, mu Zaïre mama hakulake batoto yake. Siye bote tuko batoto ya mama moja. Kutenganisha mama na batoto ni mambo ya mukoloni. Murudishe."

"Citoyen, atabameza bote."

"Murudishe, na asitoke tena."

Alipoona hasogei, akachukua sufuria mwenyewe, akamimina. Mapendo akatumbukiza mkono wa kushoto majini na kumfunika Colombe pembeni kwa kiganja. Mkono wa kulia Kalume alikuwa ameushika, kwa nguvu, kama wanavyoshikwa wanawake wenye kichwa kigumu.

Samaki jike hakuwa na haraka. Alianza na Philémon, aliyekuwa juu kabisa bado akimngojea aliyemwita. Akaendelea na wengine. Jina la Mapendo mwenyewe, lile ambalo mama yake alimwita nalo tangu maziwa, lilikuwa kwenye pembe ya pili. Kiganja kingefika kama angekinyanyua kutoka juu ya Colombe. Hakukinyanyua. Alilitazama likimezwa. Ndiyo sababu hapa anaitwa Mapendo tu. Nimeuliza Kadutu nzima, na hakuna anayelijua lingine.

Kalume aliachia mkono, akajipangusa paji la uso, akauliza walikuwa wakizungumzia nini. Akaagiza mama asitolewe, kwa kuwa hilo alilikumbuka. Alipotoka, mama yake mzee alikuwa ng'ambo ya barabara akiita, "Philémon, chakula iko tayari!" Alipita bila kugeuka, na mzee akabaki na kijiko mkononi.

Amri ilikataza kumtoa mama. Kuhusu mkono haikusema neno. Kwa hiyo Mapendo aliacha mkono wake majini. Alikula kwa wa kulia, alilala kwenye kiti, kichwa juu ya meza. Cirhuza alisonga bugali, mbaya kwelikweli, yenye mabonge, na walikula hivyohivyo. Akirudi kutoka safari ya Kamanyola alikunja shati na kutia mkono wake, ili mke aende kuoga. Mara ya kwanza Colombe aliukimbia, akaurudia, akakaa. Cirhuza aligeuza uso ukutani, akalia. Ngozi ya mkono wa Mapendo ikawa nyeupe na kukunjamana kama muhogo uliolowekwa. Samaki jike alizunguka kiganja mchana kutwa, akakigonga kwa mdomo, akaondoka, akarudi. Mapendo alimwambia, "Zunguka tu, mama. Tutaona nani atachoka."

Jumamosi iliyofuata Kalume alikuja kukagua. "Imebaki moja. Inaitwa nani?"

Mapendo aliangalia mfereji wa maji machafu nje ya mlango, mahali ambapo Kalume angemmwaga Colombe akilisikia jina.

"Haina jina, citoyen."

Alipoondoka, Colombe alizama mpaka kwenye mchanga na hakutaka yai. Mapendo aliita. Aliita tena, huku machozi yakidondokea majini. "Mutoto wangu, nikimwambia vile, usisikilize. Ile iko maneno ya batu bakubwa." Jioni ilipoingia Colombe alipanda, polepole, akala kidogo.

Akakua. Mkia ukabaki umepinda, ubavu ukapata rangi ya chungwa, na siku moja samaki jike alifungua kinywa mbele yake, akapima, akafunga, akaenda zake. Mapendo alitoa mkono, akaukausha kwa kitenge, akasonga bugali isiyo na mabonge. Nyumbani Cirhuza alianza tena kumwita Mama Colombe, mlango ukiwa umefungwa.

Jumamosi hazikwisha. Siku hizo Mapendo alirudisha kiganja majini kabla ya mlango kugongwa, ili Colombe asiyasikie maneno yale akiwa peke yake. Kalume aliingia, akatazama samaki wawili, akatazama mkono mweupe.

"Na weye, citoyenne, uko mama ya nani?"

"Sina mutoto, citoyen."

"Ni vizuri," alisema Kalume. Chini ya kiganja Colombe alitulia, hakupiga hata mkia, mpaka aliposikia mlango wa jirani unagongwa.