Nafasi ya Yaya Lydie

Kwa watu wa Marie-Thérèse mtu hafi akaisha. Anaacha nafasi, na nafasi ya marehemu ni kama jiko lililoachwa na makaa: asipopatikana wa kukaa karibu nalo, litachoma nyumba. Basi mwaka wa matanga ukitimia, ukoo unamchagua mtu wa tumbo lile lile, wanampaka pemba, ule udongo mweupe, wanampa jina la aliyekufa. Na jina haliji mikono mitupu. Linakuja na watoto, na sufuria, na kama mapadre hawajafaulu kulainisha mambo, linakuja na kitanda. Wanaita kupyana. Na ukisikia tumbo, ni la mama tu. Baba kwao ni mgeni wa heshima, anazaa, anashukuriwa, lakini watoto si wa ukoo wake.

Sasa Lydie, binti yake mkubwa, yule ambaye mdogo wake alimwita yaya, ndiyo dada mkubwa kwao, alikuwa amekufa, na tumbo la Marie-Thérèse lilikuwa limebakiza binti mmoja tu, Huguette.

Huguette alianza kuyajua mambo yake siku ile ile ya mazishi, wala hakuna aliyemwambia. Kila mama wa ukoo aliyepita alimpachika mtoto wa marehemu mgongoni, akarudi nyuma hatua kidogo, akamtazama kama mtu anayejaribisha nguo. Yeye ndiye fundi cherehani hapo, mtaa mzima wa Kampemba unamjua, na macho ya kupima mtu anayafahamu. Akatamani ardhi ipasuke.

Alikuwa na mipango yake, masikini. Clément, mwalimu wa kule Kambove, alikwisha kuleta wazee wake kubisha hodi. Mjomba Kangwa, kaka wa Marie-Thérèse na mkubwa wa ukoo, alipokea mbuzi, akacheka, akasema tutaonana. Kisha Lydie akafa kwa homa, na Kangwa akatuma neno Kambove kwamba wangoje kwanza. Ngoja ya mjomba Kangwa si ngoja ya kawaida. Ni ukuta wa matofali.

Na huyo mjane mwenyewe, Anaclet, mume wa Lydie, angekuwa mlevi au mpigaji, Huguette angepata pa kushika, angelia hadi mtaa wote usikie. Lakini ni mtu mpole, fundi wa reli, anayewafuta watoto kamasi kwa mkono wake mwenyewe. Tangu msiba alikuwa akilala sebuleni kwenye godoro, maana mjane ambaye hajavikwa shanga nyeupe na mwanamke wa tumbo la marehemu bado amefungwa na mwendazake. Hawezi kuoa, hawezi hata kusogelea mwanamke. Wewe cheka, lakini Anaclet aliliamini hilo kama anavyoamini breki za gari moshi. Siku moja alimwambia Huguette, macho chini, kwamba yeye hakumwomba mtu. Anaomba kufunguliwa tu, ila si yeye anayechagua kamba.

Padri alishauri njia nyepesi. Avikwe shanga, waombe pamoja, kila mtu arudi kwake. Kangwa akajibu kwamba padri hana watoto wa dada. Watoto watatu wa Lydie ni wa ukoo wa Udongo, na hatakubali wale mikononi mwa mwanamke wa ukoo mwingine atakayewapa makoko ya bukari, ndiyo ugali, huku wake wakila nyama. Neno hilo lilimgusa hata Huguette, maana Exaucée, yule mdogo kabisa, alikuwa ameanza kumwita mama bila kufundishwa na mtu. Ukiona mtego una chambo kitamu hivyo, ujue aliyeutega anakupenda.

Katika hali hiyo ndipo alipopigiwa simu na Kiki.

Kiki walisoma naye zamani, na sasa anafanya kazi maabara pamoja na wale watu wa chuo kikuu waliopita parokiani wakiwasugua kina mama ndani ya mashavu kwa vijiti vya pamba. Walitafuta, walisema, nyuzi za upande wa mama, ule urithi ambao mama humpa kila mtoto lakini ni binti tu anayeuendeleza. Huguette na Marie-Thérèse walitoa mate yao siku moja, kwenye benchi moja, wakitaniana kwamba mate ya mama yatanuka chisense, vile visamaki vikavu vya kwao Pweto.

Huguette alipofika, Kiki alimkalisha kwenye ukuta wa nje wa maabara, akazunguka zunguka, kisha akauliza kama siku ile hawakubadilishana vijiti na mtu. Huguette akasema hapana. Kiki akashusha pumzi. Uzi wa Marie-Thérèse, akaeleza, ni wa kawaida, huku umejaa kama mchanga. Wa Huguette haumo kabisa katika watu waliopimwa hapa. Unaonekana kwa watu wachache mno, wametawanyika mbali, huyu pande hizi na yule pande zile, na hakuna anayejua kwa hakika ulianzia wapi. Wakubwa wake walikuwa wamefurahi mpaka wanagonga meza. Walitaka kujua kama ana bibi, dada, mama mdogo, mtu yeyote wa kupima tena.

Huguette akauliza uzi kama huo unafikaje Lubumbashi, na Kiki, ambaye si mtu wa maneno makubwa, akasema kwa miguu ya wanawake. Wengine waliolewa mbali, wengine walitekwa, wengine walitolewa kulipia damu ya mtu, wengine walibebwa wakiwa wachanga. Kwa kawaida, akasema, hakuna aliyewauliza.

Njia nzima ya kurudi Huguette alikuwa akisikia neno moja la mama yake. Tangu utotoni alikuwa akiambiwa, "Weye ulizaliwaka njiani," wakati wa vita, watu walipokimbia Pweto kila mmoja na furushi lake. Alikuwa akijisifu nalo shuleni. Leo neno lile lile liligeuka likamwonyesha mgongo. Hakuzaliwa njiani. Aliokotwa njiani, na Lydie, msichana mkubwa wakati huo, ndiye aliyembeba mgongoni hadi wakafika.

Alilia, ndiyo, alilia akikanyaga cherehani ili mama asisikie. Lakini nisikufiche, katikati ya machozi yale kulikuwa na furaha, na aliionea haya. Maana asiye wa tumbo hapakwi pemba. Alikuwa ameshika ufunguo. Angeweza kwenda jikoni, akae kwenye kigoda, amuulize mama yake ana kwa ana. Hakuthubutu. Aliogopa jibu, na zaidi aliogopa sura ya mama. Akaufunika ufunguo wake kama makaa chini ya majivu, akangoja siku.

Siku ikawa Jumapili, mwaka wa matanga ulipotimia, baada ya misa. Uani kulikuwa na munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye ndoo, pemba kwenye kisahani, shanga nyeupe juu ya kitambaa. Anaclet alikaa mbele amevaa koti, jasho likimtoka. Mwenya, mama wa makamo wa ukoo wa Mvua, alikuwepo kama mtani na shahidi, kwa sababu watani ndio wanaozikana na ndio wanaoshuhudia. Akaanza kazi yake. Akakaa kwenye kiti cha Kangwa, akasema watu wa Udongo wamekauka hadi wamebaki kigae kimoja, mvua isiponyesha watatupwa jalalani. Watu wakacheka. Hata Anaclet alitoa meno.

Kangwa akasimama. Akamtaja Lydie, akamtaja Huguette, kisha akachukua kisahani na kumgeukia dada yake, maana ndivyo desturi ilivyo: mwenye tumbo huulizwa kwanza kama anamtoa mtoto wake. Swali hilo watu walikuwa wamelizoea kama amina ya mwisho wa sala. Hakuna aliyekumbuka mama aliyewahi kusema hapana.

Marie-Thérèse hakujibu upesi. Alikohoa. Akafunga tena kitenge chake kiunoni, akapangusa midomo. Huguette akamtazama mama huyu anavyojiandaa kumtoa kama anayejiandaa kuimba kwaya, na moyo wake ukashindwa kungoja. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, na bila shaka walikuwa wamemwona Huguette akija.

"Musimuulize mama," alisema, amekwisha kusimama. "Miye si mutoto wa tumbo yake. Balipima mate yetu, yangu na yake haifanane. Miye si muntu wa Udongo. Hamuwezi kunitia mu nafasi ya yaya Lydie."

Mwenya alishusha kikombe, utani ukamwisha mdomoni. Exaucée peke yake aliendelea kugonga mfuniko wa ndoo, na hakuna aliyemkataza.

Kangwa hakushangaa, na hilo ndilo lililomtia Huguette baridi. Alisema, taratibu, kwamba habari hiyo haikuhitaji mate. Yeye mwenyewe ndiye aliyempaka pemba kitovuni alipoletwa, mchanga, kichwa kikiwa na vumbi la njia, ili awe wa tumbo hili mbele ya walio hai na wafu. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kutamka jambo hilo, hata mlevi, hata mgomvi. Leo ametamka mwenyewe, mbele ya watani.

Ndipo Marie-Thérèse akafungua kinywa. Hakulia, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu anayezungumza na sufuria.

"Neno ya kukataa ilikuwa mu kinywa yangu tangu asubuyi," alisema. "Mama njo anakataaka juu ya mutoto wake, na mujomba hawezi kupita pale. Nilikuwa natafuta tu namna ya kuisema. Sasa nitakukatalia kama nani?"

Huguette alimgeukia Kangwa, na Kangwa akatazama kisahani chake. Alionekana amezeeka ghafla, wala hakuonekana mshindi. Ni kweli, alisema, dada yake angekataa, yeye angenyamaza, shanga zingefungwa kwa sala ya padri na mambo yangekwisha. Lakini anayekataa ni mwenye tumbo, na tumbo hilo mtoto mwenyewe amelikana mbele ya mashahidi. Maji yakimwagika hayazoleki. Lango liko wazi, akasema, asiye wa tumbo hafungwi. Aende. Ila aende mgeni. Watoto wa Lydie hatawashika tena. Clément akija kuposa, hakuna mjomba hapa wa kumpokea. Na siku Marie-Thérèse atakapokufa, Huguette atasimama nje na majirani.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," Mwenya alinong'ona, na safari hii hakuwa anatania.

Huguette alilitazama lango. Lilikuwa wazi kweli, mtu alikuwa anapita na baiskeli ya makaa, akijipigia mluzi. Hatua chache tu. Akawaza wale wachache waliotawanyika mbali, wenye uzi kama wake, ambao hakuna hata mmoja anayejua jina lake wala atakayemlilia. Akamtazama mwanamke aliyemwokota. Marie-Thérèse alikuwa ameinamisha kichwa, mikono mitupu mapajani, na Huguette aliona kwamba mama huyu ameshazika binti mmoja, na sasa anangoja kuambiwa kama azike wa pili.

"Miye ni mutoto wa Marie-Thérèse," alisema.

Kangwa akauliza kama anasema hivyo kwa hiari yake, naye akaitika. Basi, mjomba akasema, anayerudi tumboni kwa hiari yake hana tena wa kumkatalia, huingia pale penye nafasi, na katika tumbo hili nafasi tupu ni moja. Akachovya kidole. Pemba ilikuwa ya baridi kwenye paji la uso, na kitovuni hakuna aliyempaka, kwa kuwa alikuwa mtu mzima. Wakampa shanga. Akamfunga Anaclet mkononi, na Anaclet akasema asante kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha.

Lilibaki jambo la mwisho. Jina jipya linaanza kuitwa na mama, kisha wengine wanafuata. Watu wakangoja. Marie-Thérèse akafunga tena kitenge chake kiunoni, akapangusa midomo.

"Lydie," aliita.

Huguette, kwa mazoea, alingoja yaya yake aitikie. Kisha akaitika.