Fungu la Kila Mwaka

Kundi la michezo ya kuigiza la vijana wa Baraka lilikuwa limekufa mara mbili, na mara zote mbili liliuawa na zawadi. Adolphine, muuza samaki aliyekuwa akijifunza kusoma katika darasa la akina mama, alilijua jambo hilo vizuri, kwa sababu binti yake Félicité alikuwa mchezaji. Mwaka 1954 mkubwa mmoja alifurahishwa, akatoa noti. Ikanunua pazia na taa. Mwaka uliofuata vijana walipoomba mafuta ya taa, baraza la sekta liliwajibu kwamba wamekwisha kula. Mwaka 1956 mambo yakawa yale yale.

Sasa ilikuwa Novemba 1957. Placide, mwalimu kijana aliyewafundisha vijana hao kuigiza kila jioni bila malipo, alikuwa amenunua sanduku la bati. Januari angekwenda Misisi kuomba kazi kwenye migodi ya dhahabu, na hapakuwa na mwingine wa kulishika kundi.

"Mi nitabaki kama baraza inaandika fungu yetu mu bajeti," alimwambia Adolphine. "Ya kila mwaka, Mama Félicité. Zawadi hapana tena."

Basi wakapanda lori la pamba hadi Fizi, siku ambayo baraza lilikaa kugawa fedha za mwaka ujao: Placide, vijana kumi na wawili, na Adolphine, aliyechaguliwa na akina mama wenzake wa darasani awasemee vijana.

Waliwachezea wajumbe habari za mume ambaye mke wake amekwenda kujifunza kusoma, naye akaamua kupika bugali mwenyewe. Eugène, kijana mrefu kuliko wote, alikuwa mume. Alisonga akiwa amesimama, badala ya kuketi na kukibana chungu kwa miguu, nacho kikaufuata mwiko ukumbi mzima.

"Kalia ile chungu, we baba, itakimbia mpaka Mboko!" akapaza sauti mzee Useni, mjumbe na mwenye mitumbwi wa Swima. Shefu Norbert, mkuu wa sekta, alicheka hata akajifuta macho kwa kitambaa.

Ndipo likatokea lile aliloliogopa Adolphine. Shefu aliinuka, akatoa noti ya faranga mia tano, akambandikia Eugène kwenye paji la uso lililolowa jasho. Tuzo haikataliwi; kuikataa ni kumwaibisha aliyeitoa. Lakini kuipokea kulikuwa kumaliza maneno ya fungu, na tayari karani Alphonse alikuwa akikifunga kitabu chake.

Eugène alimtazama Placide. Placide alitazama chini.

Adolphine alisimama, akaibandua noti ile, akapiga goti, akapiga makofi mawili ya shukrani. Kisha, badala ya kuifunga katika pindo la kanga, akaenda nayo hadi mezani na kuiweka mbele ya karani.

"Shefu, tumepokea, tunashukuru sana. Sasa tunaiweka mu sanduku ya sekta."

"Mama," akasema Alphonse, "mi siwezi kutia pesa bila kuandika ni ya kazi gani."

"Andika basi. Michezo ya vijana."

"Kitabu haina mustari ya michezo."

"Ni ile mustari tulipandia lori, baba."

Useni akacheka. "Huyu mama ametushika na wavu yetu wenyewe."

Shefu hakucheka. "Unarudisha tuzo yangu, Mama?"

Adolphine aligeuka kutoka mezani, akamtazama. "Hapana, Shefu. Nimeipokea mbele ya watu wote. Lakini tuzo ni ya mugeni mwenye anapita. Hawa ni batoto benu. Mi Félicité simupi bugali siku ile tu ananichekesha." Akawageukia wajumbe. "Na sisi bamama ba samaki tunalipa ushuru kila siku ya soko. Hamungojaka tufurahi kwanza."

Shefu akaketi. Akamwambia karani afungue kitabu tena. Walibishana hadi jua likahama dirishani. Mjumbe mmoja alitaka fedha za kujenga daraja zitangulie. Useni akamjibu kwamba daraja lile lilivunjika zamani, yeye Useni akiwa kijana, wala halikuvunjwa na wachezaji. Mwishowe wakakubaliana: katika kila faranga ishirini za ushuru wa soko la Baraka, moja iwe ya michezo ya vijana, kila mwaka, hadi baraza lenyewe litakapoifuta. Ilibaki sahihi ya mkuu wa teritwari, ambaye ndiye aliyeidhinisha bajeti ya sekta.

Fungu lilikuwa dogo kuliko alivyotumaini Placide. Ndani ya lori hakuna aliyeimba.

Katikati ya Januari karatasi ya bajeti ilibandikwa ukutani, sokoni Baraka. Adolphine alitua kapu lake la samaki, akasoma kwa kidole, neno kwa neno: dispensari, daraja, michezo ya vijana. Akarudia tangu juu, asije akajidanganya. Kisha akaenda kwa Placide. Alimkuta mlangoni, sanduku limefungwa, akingoja lori la Alhamisi.

"Iko," akamwambia. "Chini ya daraja."

"Na sahihi?"

"Na sahihi."

Placide alifungua sanduku, akatoa mashati yake mawili na blanketi. Jioni ile waliweka humo nguo za mchezo, ambazo panya walikuwa wameanza kuzila.