Kanda ya Karangwaru

"Nani kaihamisha?" Bu Sumirah, yaani Mama Sumirah, alifoka akitoka chumba cha seva, na mlango ukajibamiza nyuma yake kana kwamba nao umeogopa.

Bosi wake, Pak Hendarto, yaani Bwana Hendarto, hakuinua hata macho mezani kwake. "Mimi. Seva ya tatu ilikuwa imelemewa. Nimeizima hiyo mashine pepe yako, nikaipeleka seva ya tano. Dakika mbili tu, Bu. Kelele za nini?"

"Kisoma kanda kimechomekwa seva ya tatu, Pak. Kwa waya! Ukiihamisha mashine pepe, chenyewe kina miguu ya kuifuata? Nilishafika asilimia sitini na moja!"

"Si uanze tena."

Uanze tena! Miaka thelathini na mmoja Sumirah alikuwa akizilisha kompyuta kanda za sumaku zenye kumbukumbu katika ofisi ile ya upimaji ardhi, jijini Semarang. Wenzake walisema hunusa kanda yenye ukungu akiwa bado kituo cha basi, na hakuna aliyethubutu kubisha. Kompyuta iliyojua kuzisoma ilikwisha kufa. Programu yake sasa iliishi ndani ya mashine pepe, kompyuta isiyo na mwili, inayoazima mwili wa seva. Na kanda hii ya mwaka 1994 ilipukutisha unga mweusi kila ilipozungushwa. Ingestahimili mzunguko mmoja zaidi. Labda.

Ramani pekee ya mabwawa ya samaki ya Karangwaru ilikuwa humo. Saa nane mchana mahakama ingeamua kama wenye mabwawa wabaki au wafukuzwe.

"Bu Lastini yuko koridoni tangu asubuhi," Sumirah alisema. "Bwawa lake limo kwenye hiyo ramani. Nenda wewe ukamwambie aanze tena."

"Chunga mdomo. Umebakiza miezi minne ustaafu."

"Basi nifukuze hiyo minne! Mitatu nitalala, wa nne nitakuja kukucheka."

Akageuka, akarudi chumba cha seva. Aliirudisha mashine pepe seva ya tatu, akaikabidhi upya kisoma kanda, akasugua kichwa cha kisoma hicho kwa pamba na spiriti, akaianza kanda upya tangu sifuri. Kisha akaung'oa waya wa mtandao, asije mtu akaigusa tena kutoka kwenye kiti chake, akauzungusha kifundoni mwa mkono kama bangili.

"Ingia, dada," alimwita Lastini. "Funga kitasa, kaa hapo mlangoni. Akija yule bosi mwenye tai, mkanyage."

"Mguu upi?"

"Wowote. Yote haina kazi."

Saa saba na dakika arobaini. Asilimia sabini na sita. Sabini na saba. Kwenye sabini na nane kanda ikasita. Ikarudi nyuma, ikaja mbele, ikarudi, kama mtu apapasaye funguo gizani.

Simu ya Lastini ikaita. Wakili wake, kutoka mahakamani. Hakuipokea. Alichuchumaa kando ya Sumirah, akaweka viganja juu ya kisanduku cha kisoma kanda, palipokuwa na viganja vya mwenzake. Nje Pak Hendarto aligonga mlango, akatikisa kitasa, akaita majina yao.

Chini ya mikono minne kisanduku kilitetemeka, kikanyamaza, kikaanza kuikokota kanda tena, polepole, kuelekea sabini na tisa.