Usaili wa Chumba cha Kioo

Nianze kwa kukiri: nilipanda juu ya kiti mbele ya watu watatu waliokuwa wakiamua kama nipewe kazi au nisipewe. Sikuwa nimelewa, wala sina wazimu. Kosa ni la kioo, na robo hivi ni langu.

Nilikuwa na miezi kumi na minne bila kazi, mimi na mwanangu tukiishi kwa mdogo wangu wa kike. Mumewe, shemeji yangu, ni muungwana mno, na uungwana wake ndio ulioninyima raha. Hajawahi kuniambia nihame. Ila kila asubuhi aliniuliza, kwa upole wa kuumiza, kama leo nina safari ya kwenda mahali. Asubuhi ile nilimjibu kwamba ninayo, nikatoka haraka kabla hajaanza kunitakia heri.

Kazi yenyewe ilikuwa ya msimamizi wa ofisi. Tangazo lilitaka mtu mchangamfu, anayejiamini, asiyesubiri kusukumwa. Tulikuwa tumebaki watatu: binti mmoja wa viatu virefu, mimi, na kaka mmoja aliyevaa koti zito siku ya jua kali. Tukaketishwa ukumbini, na mbele yetu ndipo kilipokuwa chumba cha usaili, kipya kabisa. Kuta zake zilikuwa za kioo kutoka sakafuni hadi darini, kioo mara mbili chenye nafasi katikati, mpira mweusi umezungushwa kingo zote, na mlango mzito unaojifunga taratibu. Dada wa mapokezi alituambia kwa majivuno kwamba humo ndani hata ukipiga ngoma, nje hasikii mtu.

Binti wa viatu virefu akaitwa kwanza. Mlango ukajifunga, nasi tukabaki kutazama midomo. Mambo yalikwenda kawaida tu: mama mwenyekiti, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, anauliza, binti anajibu, na mabwana wawili wa pembeni, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wanaandika. Mara binti akasimama. Akapanda juu ya kiti, na vile visigino vyake, akapunga faili hewani mara tatu, akajizungusha, akashuka na kuipiga meza kwa nguvu zake zote. Wote watatu wakainuka na kumpigia makofi. Mwenyekiti akampa mkono. Binti akatokea mlango wa pili, ule wa upande wa lifti, hatukumwona tena.

Mwenye koti akanigeukia na kusema kumbe kuna na vitendo. Nikamjibu kumbe. Miaka tisa nimefanya kazi za ofisi na sijawahi kuona usaili wa namna ile, lakini siku hizi mambo yanabadilika, na tangazo si lilisema mchangamfu, anayejiamini? Nikaanza kulegeza viatu vyangu chini kwa chini.

Nilipoitwa nilisalimia, nikaketi, nikajibu maswali mawili vizuri tu. Nilikuwa nasubiri ishara, nayo ikaja. Mama mwenyekiti akaniuliza ningefanya nini jambo la ghafla likitokea kazini. Nikajisemea, ndiyo hii. Nikapiga moyo konde, nikavua viatu, nikapanda kiti. Nikapunga faili mara nne, maana mwenzangu alipunga tatu. Nikajizungusha. Nikashuka na kuibamiza meza mpaka maji ya yule bwana mnene yakamwagikia karatasi zake. Kisha nikasimama kusubiri makofi.

Hayakuja. Mama mwenyekiti alitazama darini, akatazama meza, akavaa miwani.

"Ameingia mwingine?" akauliza.

"Mwingine nani, mama?"

"Nyigu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Binti wa watu alikuwa anapambana na nyigu, akamuua, wakampongeza. Sisi wa nje nyigu tungemwonea wapi? Nilitaka kulia, lakini mimi nikiaibika sana huwa napandwa na hasira, na hasira ile haina breki.

"Mama, chumba hiki kinazuia sauti, hakizuii macho," nikasema, bado niko pekupeku. "Wa nje anaona kila kitu na haelewi chochote. Kesho utamtania mtu humu ndani kwa kumnyooshea kidole, na jengo zima litajua amefukuzwa kazi."

Bwana mwembamba alikuwa anauma midomo asicheke. Mwenyekiti akanishukuru, akaniambia nikasubiri ukumbini. Nikatoka viatu mkononi.

Mwenye koti akanipokea kwa macho ya heshima. Alikuwa amehesabu nilivyopunga faili. Nikiri na hili pia: wazo baya lilinijia. Nikinyamaza, atapanda kiti na yeye, nami sitakuwa mjinga peke yangu. Lakini nikalitazama lile koti, lilivyompwaya mabegani, bila shaka la kuazima, nikashindwa.

"Kaka, usipande kiti," nikamnong'oneza. "Alikuwa nyigu."

Akatabasamu, tabasamu la mtu anayejua anachezewa akili.

"Sawa, dada," akasema, akaingia.

Hata swali la kwanza hakulisubiri. Alipanda, koti likafunguka huku na huku, akapunga mara tano. Nikajifunika uso. Nilipochungulia kati ya vidole, mwenyekiti alikuwa anamuuliza jambo, naye akaninyooshea kidole. Wote wanne wakageuka kunitazama. Nikajua nimekwisha: anasema ni mimi niliyemtuma. Nikavaa viatu, nikabeba mkoba. Nilishaanza kutunga maneno ya kumwambia shemeji.

Mlango ukafunguka. Mama mwenyekiti alikuwa ameshika miwani mkononi.

"Unakwenda wapi? Huyu bwana anasema ulimwambia asipande, yeye ndiye hakukuamini. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Angesema umemdanganya, tungemwamini." Akavaa miwani. "Mtu mnayegombea naye nafasi moja, na bado ukamwambia. Jumatatu uanze kazi."

Nilijibu kitu, sikumbuki nini. Macho yangu yalikuwa yanamtafuta mwenye koti. Alikuwa ameshatokea mlango wa pili, amesimama kwenye lifti, na chumba kizima kiko kati yetu. Nikamwita. Nikasema asante kwa sauti iliyomshtua dada wa mapokezi kitini pake, lakini kule hakikufika kitu. Kwa bahati tu akageuka. Nikaweka mikono yote miwili kifuani, nikainama. Alinitazama kupitia kuta mbili za kioo, akafunga vifungo vya koti lake pole pole, kisha naye akaweka mkono kifuani. Alinielewa, nina hakika, na lifti ikamchukua.