Nyundo ya Mzee Kengele

Mzee Kengele hakupewa jina hilo bure. Miaka arobaini katika karakana ya garimoshi alipima maboila, yale matangi ya kuchemshia maji ya injini, kwa nyundo ndogo, akitega sikio: riveti nzima, ile pini ya kushikia mabamba ya chuma, hulia kama kengele, mbovu hulia kama chungu chenye ufa. Akisema boila ni zima, moto unawashwa. Akisema bovu, kwisha maneno, hata meneja hana ubavu.

Shida ni kwamba sikio lenyewe lilikuwa limekufa. Ndiyo ilivyo kazi hiyo, jamani! Kelele za nyundo humla fundi masikio kidogo kidogo, kama mchwa kwenye mlango. Sasa mzee aliishi kwa kusoma midomo ya watu. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Kengele mzima, kiziwi?

Wiki ile meneja alitaka injini ya mwisho ya mvuke iwashwe, wageni waione kabla karakana haijafungwa. Dereva alikuwa binti wa Mzee Kengele, mtoto wake wa pekee, aliyeipata kazi hiyo kwa kung'ang'ania tu huku wanaume wakimcheka.

Asubuhi mzee akaingia kwenye tanuri la injini na taa yake, akagonga riveti moja baada ya nyingine. Hakusikia kitu. Akatoka na masizi mpaka kwenye nyusi.

"Enhe, mzee?" meneja akauliza.

"Zima kabisa."

"Si niliwaambia? Huyu akishasema, we kalale."

Binti akashika beleshi, akaanza kutupa makaa tanurini. Mzee akamtazama. Pale binti aliposimama, kifua chake kilikuwa hatua moja tu kutoka kwenye bamba la boila. Boila likipasuka halichagui mtu. Mzee aliwahi kuona, na kilichobaki cha dereva wa siku ile kilienea kwenye ndoo. Binti akawa anatafuta kiberiti.

"Mwanangu, usiwashe!"

"Kuna nini, Baba?"

"Sisikii."

"Husikii nini?"

"Chochote. Huu mwaka wa tatu."

Mafundi wakajifanya wanatafuta spana chini. Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze.

Binti hakumlaumu. Alimnyang'anya nyundo tu, akasema, "Twende ukanionyeshe pa kugonga."

Wakajibana wawili mle ndani, wakasukuma makaa kando. Mzee akawa ananyoosha kidole, binti anagonga, na mzee anasoma uso wake kwa mwanga wa taa. Safu ya juu ya riveti, uso umetulia. Ya katikati, umetulia. Mzee akaanza kupumua. Pengine Mungu alikuwa amemsitiri.

Safu ya chini, binti akagonga, akasita. Akagonga inayofuata. Na inayofuata. Akagonga safu yote mpaka pembeni, kisha nyundo ikamponyoka. Mzee aliona ilivyoanguka kwenye chuma, kimya.

Binti akamgeukia. Midomo yake ilikuwa inatetemeka.

"Ungeniua, Baba."

Mzee akaomba awe amesoma vibaya. Akainua taa, akamsogezea usoni. Binti akarudia, polepole, neno moja moja, ili baba yake aelewe.